Mlio wa Mama Mwenye Nyumba

Mjini walimwita Mrija, kwa kuwa hakuna glasi ya mtu aliyoshindwa kuinyonya. Asubuhi hiyo alikuwa kwenye foleni ya duka la dawa, akitafuta dawa ya mafua na, Mungu akijalia, mtu wa kumtapeli. Mungu akajalia. Mbele yake mama mmoja mwenye nyumba ya kupangisha, tita la funguo likining'inia kiunoni, alikuwa akimlalamikia mfamasia kwamba masikio yanamlia nziii, mchana kutwa, miezi mitatu sasa.

"Masikio ni mazima, mama. Huo ni msongo wa mawazo. Ukiusikia mlio unapata wasiwasi, ukipata wasiwasi mlio unazidi. Tua mizigo, upumzike."

"Niitue wapi? Nina wapangaji kumi na nne!"

Mrija aliijua nyumba hiyo. Aliijua hasa stoo yake, maana alishachungulia dirishani akaona jenereta mpya, bado imo kwenye nailoni yake. Mnunuzi pia alikuwa naye tayari, fundi wa kuchomelea mwenye pikapu na asiyependa maswali. Mafua yakapona palepale.

Akamfuata mama nje.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nisamehe, nimesikia. Mimi nina kipaji cha kuhamisha milio. Kinacholia si sikio, ni funguo hizo. Kila mmoja una mtu nyuma yake anayekulalamikia. Nikabidhi siku saba tu, mlio utazifuata."

"Bei gani?"

"Kipaji hakiuzwi, mama." Alilisema kwa unyenyekevu mkubwa hata machozi yakamlengalenga.

Mama alimtazama kuanzia viatu hadi kofia. "Basi njoo kesho saa mbili," alisema hatimaye. "Leo nifungashe, niende kwa dada yangu."

Kesho yake Mrija alipokea funguo ishirini na tatu, hata mmoja hauna alama. Akamwambia fundi aje na pikapu Ijumaa, kisha akaenda stoo kujaribu. Alikuwa kwenye ufunguo wa tatu aliposhikwa bega.

"Kaka, wewe ndiye msimamizi mpya? Choo cha namba nane kimeziba."

Tapeli mwenye adabu zake hakatai kitu. Miaka ishirini Mrija alikula kwa kusema "hakuna shida", na ulimi ukasema wenyewe: "Hakuna shida, dada." Habari ikazagaa kwamba kuna msimamizi anayeitika. Namba mbili na namba tano wakamletea ugomvi wa kamba ya kuanikia nguo. Hakuna shida. Babu wa namba kumi akamsimamishia ngazi apande kuziba paa. Hakuna shida, babu. Kila alipoigusa kufuli ya stoo, mtu alitokea na kilio chake, na wengine, maskini, walimletea chai kwa upendo.

Ijumaa pikapu ikaanza kupiga honi nje. Mrija alijaribu ufunguo wa kumi na tisa. Kufuli ikafunguka.

Ndani mlikuwa na ufagio tu.

Akampigia simu mama, na historia ya wizi itamkumbuka kwa alichosema: "Mama! Tumeibiwa! Jenereta haipo!"

"Tulia, mwanangu. Ninayo huku kwa dada, umeme wao unakatika ovyo."

"Umeichukua lini?"

"Siku ileile uliponisimamisha. Nilijiuliza, mtu gani mzima anaomba kubebeshwa wapangaji kumi na nne bure? Nikajijibu, mwizi. Ataiba nini? Pale kuna jenereta tu. Nikapanda nayo gari, asubuhi nikarudi kukupa funguo."

"Sasa kwa nini ukaniachia funguo?"

"Msimamizi nimemtafuta miezi mitatu, hata wa mshahara wanakimbia. Wewe nimekusikia kwa wapangaji, wanakusifu, nyumba haijawahi kutulia hivi. Sikio la kushoto limenyamaza tangu juzi. La kulia limebaki kidogo, nivumilie hadi Jumatano."

Pikapu ilikuwa imeshachoka kungoja, ikaondoka. Mlangoni watu watatu walikuwa wamesimama, mmoja na bomba mkononi. Mrija akaliminya sikio, akalitikisa, akaibadilisha simu upande. Wapi!

"Mama, simu yako ina hitilafu? Nasikia nziii."

"Simu ni nzima, mwanangu," alisema mama kwa huruma ya kweli. "Jaribu kupumzika."