Supu ya Mboga Niliyompikia Baba Kule Isongole

Jamani, leo sina pa kuuweka uso wangu.

Mnajua Baba yangu ana kisukari. Nesi alimwambia apunguze viazi na ndizi, ale mboga kwa wingi. Baba akamjibu, "Nimelima viazi tangu ujana wangu, leo nije niviogope uzeeni?" Akarudi nyumbani Isongole, akala viazi.

Nikaapa. Mimi Atupele, mtoto wake wa kwanza, nitampikia supu ya mboga mpaka mwenyewe asogeze sahani ya viazi pembeni. (Kupika sijui sana. Kuapa ndiyo najua.)

Asubuhi nikapanda bodaboda kutoka Ibighi ninakoishi, kapu mapajani: kabichi, karoti, njegere, maharage mabichi, nyanya, majani ya maboga. Ukungu mpaka kope zinalowa. Njiani nikakumbuka kuna mtu alisema mchunga, yale majani machungu, unashusha sukari. Nikasimamisha pikipiki, nikanunua mafungu manne. Manne! (Jina lenyewe linakuonya. Sikusikia.)

Nimefika, Baba yuko shambani. Nikamwambia Mama, na jirani yake Mama Lusajo, "Leo kaeni tu, mniangalie." Mama Lusajo akavuta kigoda. Akaita na wenzake wawili wa kwaya. Nikapata watazamaji.

Nikakata, nikakaanga kwa kijiko kimoja cha mafuta. Tangawizi, vitunguu saumu, chumvi kiduchu maana Baba ana presha pia. Mchunga wote ndani. Supu ikawa nzito, ya kijani, inatokota puu, puu. Na mimi natoa hotuba: "Kina mama, chakula ndiyo dawa!" Wakanipigia vigelegele.

Nikaipua, nikaiweka nje ya mlango wa jiko ipoe. Tukaingia sebuleni, tukaandaa meza. Mama Lusajo akaiombea supu, sala ndefu kweli. Amina. Nikatoka kuifuata.

Sufuria haipo!

Mara namwona Baba anatokea nyuma ya nyumba, sufuria mkononi.

"Shikamoo, Baba. Hiyo sufuria..."

"Marahaba, mwanangu. Nimewasaidia. Nimekuta chakula cha nguruwe kinapoa hapa mlangoni, nikawapelekea."

Kina mama wameshatoka wote, wamesimama nyuma yangu.

"Baba, hiyo ni supu yako."

Akaitazama sufuria. Akanitazama mimi.

"Yangu?"

"Ya kisukari."

Baba ni mpole, akaona nataka kulia. "Basi usilie, mama. Imebaki karibu yote. Niliwamiminia kidogo tu. Yule jike alinusa, akageuka. Dume lenyewe limerudi nyuma mpaka ukutani."

Nguruwe! Nguruwe wamekataa kupika kwangu!

Mama Lusajo alikaa chini, palepale kwenye matope, na gauni lake la kwaya. Wale wengine wawili wakashikana wasianguke. Mama yangu ndiye pekee ambaye hakucheka. Aliniuliza taratibu, "Atupele, ulionja?"

(Tuendelee.)

Nikachukua kijiko, nikaonja mbele yao. Ulimi ulijikunja kama jani kavu. Sikuhisi meno.

Nililia? Kidogo. Lakini kurudi Ibighi sikurudi. Nikaimwaga ile yote kwenye ndoo, nikasugua sufuria, nikachochea moto upya. Waliotaka kucheka wacheke, kabichi nilikuwa nayo nusu, karoti na njegere zilibaki. Baba akanitazama navyopambana na moshi, akavuta kigoda, akaanza kumenya karoti. Baba! Sijawahi kumwona na kisu cha jikoni maisha yangu yote.

"Mchunga?" akauliza.

"Siutii tena."

"Hata jani?"

"Hata jani, Baba."

Akala bakuli la kwanza. Wote tunamtazama mdomo. Akasukuma bakuli mbele. "Ongeza. Na njegere ziwe nyingi." Viazi alivyochemsha Mama pembeni wakati napika upya vilipoa pale mezani, hakuvigusa. Alipomaliza akamgeukia Mama: "Kesho unifanyie hivihivi." Nikatoka nje nikarukaruka peke yangu.

Ile ya kwanza bado ipo, ndoo karibu nzima. Atakayecheka anielekeze na kwake, nimpelekee.