Mwalimu Radi Lazima Afe

Jumapili, 2 Machi

Mvua. Imeingia tena ndani. Sufuria mbili, beseni, na kikombe juu ya mto. Nimelala nimejikunja upande wa ukutani, ambako bati halijatoboka bado. Mimi, Methusela Mgaya, mwalimu wa Kiswahili, mwandishi! Njombe nzima inajifunika blanketi, mimi najifunika mwavuli.

Habari njema moja. Mzee Severini amestaafu na kurudi kwao Wanging'ombe, na nyumba yake ya shule imebaki tupu. Ina dari. Ina dohani: unawasha kuni, moshi unatoka wenyewe bila kukuliza. Tunaoitaka ni wawili, mimi na Jastin wa Hisabati. Mkuu wetu, Madam Tabea, amesema atatoa jibu mwezi huu huu.

Kuomba kwa mdomo ni kazi ya watu wa kawaida. Mimi nina hadithi yangu, Shule ya Ukungu.

Jumatatu, 3 Machi

Wanaoandika shule za maajabu wote huwafuata wanafunzi. Mtoto kapaa, mtoto kapotea, mtoto kaokoa dunia. Mimi nafuata walimu. Kengele ikishalia, wanakula nini? Wanamwonea nani wivu? Nani anawafulia soksi? Shule yangu iko juu ya mawingu, nyuma ya Matamba, na kila Jumamosi napeleka sura mpya Makambako kwa Mwanaheri, mwenye duka la kuchapisha karibu na stendi. Yeye huwauzia wasafiri. Jumapili natuma kwenye kundi la walimu wetu, bure, kwa upendo.

Wenzangu wote wamo, kwa majina mengine. Madam Tabea ndiye Mama Mwezi, mkuu wa shule. Nimempunguzia miaka na kilo. Jastin ndiye Mwalimu Radi, anayefundisha kupaa, mpiga porojo asiye na adabu. Halafu kuna Mwalimu Busara, mrefu, mpole, sauti nzito. Sitasema ni nani.

Mpango: katika sura ijayo Mama Mwezi anampa Mwalimu Busara nyumba yenye dohani. Madam Tabea atasoma, wazo litamwingia taratibu, na atadhani ni lake. Nimejipongeza kwa chai.

Jumapili, 9 Machi

Imetumwa. Nyumba ya Busara imechukua kurasa sita. Zulia jekundu, moto usiozima, kiti kinachokumiminia chai chenyewe. Nilipokuwa naandika nilipata joto kabisa, mpaka nikavua soksi.

Kundi zima linazungumzia kitu kimoja: Mwalimu Radi alipoanguka na kutumbukia kwenye chungu cha maharage ya bweni. Mistari minne tu ile! Niliiweka kujazia ukurasa. Madam Tabea ametuma vikaragosi vya kucheka mpaka simu yangu ikaishiwa chaji. Kuhusu nyumba, hakuna aliyesema neno.

Jumatatu, 10 Machi

Jastin ameingia ofisini anatembea kama mtu aliyetoka kwenye maharage. Madam Tabea alicheka mpaka akashika meza. Nilimwangalia akifuta machozi na nikaona nyumba yangu inaondoka, dari, dohani na yote. Mtu anayemchekesha mkuu kiasi hicho atanyimwa nini?

Mwalimu Radi lazima afe.

Jumamosi, 15 Machi

Makambako. Upepo, vumbi, malori. Mwanaheri amefunga Ramadhani, midomo mikavu, hana hamu ya ubishi, lakini alipomaliza kusoma aliniwekea karatasi mbele na kukataa kuchapisha. Alisema kuna dereva wa lori hataki kuondoka Makambako bila kujua Radi amefikia wapi.

"Mwalimu, huyu ndiye anayetulisha," akasema. "Ukimuua, unaniachia nani? Busara na kiti chake?"

Nikamwambia sanaa haina huruma. Akachapisha. Hakunisindikiza mlangoni.

Jumapili, 16 Machi

Amekufa. Kapigwa na radi yake mwenyewe akiwa angani, na mazishi nimeyamaliza kwa sentensi moja. Kundi lilikuwa kimya mchana kutwa. Jioni Madam Tabea akaandika kwamba chakula kimemshinda. Nililala vizuri, japo nimelowa miguu.

Jumatatu, 17 Machi

Wanampa Jastin pole! Kila anayeingia ofisini anamshika mkono kwanza. Naye kapokea, kainamisha kichwa, kasema marehemu alikuwa mtu wake wa karibu sana, msiba uko kwake, karibuni Jumamosi. Ofisi nzima ikavunjika mbavu. Mimi nikacheka pamoja nao. Mjinga mimi.

Jumamosi, 22 Machi

Walikwenda kweli. Walimu wote, na viazi, na pombe ya ulanzi, na Madam Tabea kajifunga khanga kiunoni kama kwenye msiba wa ndugu. Nami nilikwenda. Msiba nimeuleta mwenyewe, nitaukosaje?

Jastin amepanga chumba nyuma ya karakana ya mbao. Hakuna kati yetu aliyewahi kufika. Mwalimu mwenzako unaujua mwandiko wake, mlango wake huujui. Tulikaa tumebanana kitandani na kwenye ndoo, tukaanza kumsimulia marehemu, watu wakacheka. Ndipo mvua ikaja. Maji yakashuka katikati ya chumba. Jastin, bila kukata hadithi yake, akasogeza ndoo kwa mguu, bila hata kuangalia.

Madam Tabea akaacha kucheka. Akamuuliza hali hii imeanza lini. Jastin akajibu aliikuta hivyo alipopanga hapa. Mama wa watu akatazama dari isiyokuwepo, akatazama godoro lililoinuliwa juu ya matofali, machozi yakamlengalenga.

Ndoo mbili! Ana ndoo mbili tu! Nikashindwa kuvumilia, nikasema wazi kwamba kwangu ni pabaya zaidi, kwamba mimi nina sufuria, beseni na kikombe cha kwenye mto.

"Methusela, acha hayo," Madam Tabea akasema kwa upole. "Nyumba yako tunaijua wote. Kurasa sita."

Wakacheka. Mmoja akauliza kama kile kiti kinaweka na sukari.

Jumatatu, 24 Machi

Jastin amepewa nyumba. Sina la kuandika. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na changu kina maji tayari.

Jumatano, 26 Machi

Sikula jana. Leo nimeamka na akili. Kilichompa Jastin nyumba ni nini? Msiba. Watu walikuja, wakakaa, wakaona. Kufa kufaana, walisema wahenga. Kwangu hakujafika mtu kwa sababu Busara yu hai, tena ananenepa.

Jumapili, 30 Machi

Nimemuua Mwalimu Busara. Amekufa kwa baridi chini ya bati bovu, baada ya kumwachia maskini nyumba yake. Nililia nikiandika, sioni aibu kusema.

Nikaazima mabenchi kwa mama mwenye nyumba. Nikachemsha viazi, nikajaza chupa mbili za chai. Vyombo vya kukingia maji nikavipanga mahali pa kuonekana. Nikaomba mvua, mvua ikanyesha. Nikakaa.

Hakuja mtu. Mwanaheri kaandika kwamba wateja wamekipokea kifo kile kama zawadi ya Idi. Madam Tabea kaandika kundini: "Amepumzika. Nasi tumepumzika." Nilikula viazi peke yangu mpaka vikanikaa kifuani. Sijawahi kuwa mpweke namna hii.

Jumatatu, 31 Machi

Jastin amekuja. Peke yake, amelowa, na mfuko wa viazi. Akanipa pole, na haikuwa ya mzaha. Akakaa, akatazama juu, akatazama kikombe kwenye mto. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na porojo.

"Kaka, ile nyumba ina vyumba viwili," akasema. "Hamia leo. Moto nimeshawasha."

Nilitaka kulia. Nililia kidogo. Halafu nikafikiri. Nikihama leo, Madam Tabea hataliona bati hili maisha yake yote! Nami nitakuwa mgeni wa Jastin, nakota moto kwa hisani yake. Nikamshukuru, nikakataa. Nikamwomba jambo moja tu, amweleze Madam Tabea alichokiona. Akaniangalia sana, kisha akasema atamweleza.

Jumatano, 2 Aprili

Amemweleza, neno kwa neno. Madam Tabea kasikitika mno, kamshukuru Mungu kwamba Jastin ana chumba cha ziada. Aliposikia nimekikataa, alisema basi Methusela hana shida. Chumba kimekwenda kwa Elius, mwalimu mpya wa Biolojia. Amehamia mchana huu, na nimesaidia kubeba godoro lake.

Mvua. Beseni limejaa. Nimekaa gizani nimekata tamaa kabisa, na hapo ndipo nilipoliona kosa langu. Busara alikufa haraka mno! Ukurasa mmoja, kimya. Nani angepata nafasi ya kuhuzunika?

Kesho namfufua. Safari hii atakufa polepole.