Sauti Yangu Ndani ya Helmeti ya Brandvold

Jumatatu, 7 Oktoba

Tumefungwa tena. Mechi ya tano, kipigo cha tano. Brandvold, kwotabeki wetu, yaani mrusha mpira katika futiboli hii ya Kimarekani, karusha mipira mitatu mikononi mwa wapinzani. Na huyu ndiye aliyechaguliwa wa pili nchi nzima timu zilipogawana vijana wa vyuo! Miaka ishirini na mbili, mkono kama manati. Chuoni alikuwa anarusha mpira kama mtu anayewatupia njiwa mahindi. Akaletwa kwangu mimi, Lyle Hutchens, kocha wa makwotabeki wa Nyundo za Toledo, ili nimpike. Nampika tangu Aprili. Haivi. Sielewi.

Kocha mkuu, Dombrowski, kaniita ofisini. Huku akila donati bila kunikaribisha, akasema tukipoteza Jumapili kijana anakaa benchi, pengine moja kwa moja, na mimi nikatafute timu ya chekechea. Nikamwambia tatizo ni redio. Yeye ndiye anayeongea sikioni mwa kijana kupitia redio ya helmeti, na anamtajia jina la mbinu tu, maneno manne, basi. Mtoto wa watu atajifunzaje? Nipe mimi! Akashusha pumzi mpaka sukari ya donati ikapeperuka. Akakubali. Hutchens juu!

Jumanne, 8 Oktoba

Wachezaji wana mapumziko. Nimemwita Brandvold hata hivyo. Kiwiko juu, kidevu chini, vidole vya mguu wa kushoto vitazame nje. Akaniuliza mbona Agosti nilimwambia vitazame ndani. Swali gani hilo? Nje, ila ndani kidogo. Akaandika. Akafuta. Akaandika tena. Kisha akarusha mpira ukampata mkata nyasi begani. Alipofika hapa hakuwa anawapiga watu. Nashangaa imeanzia wapi.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimemjua mchawi wangu! Curtis Pettway, kwotabeki wa akiba, miaka thelathini na minane, magoti yanalia kama mlango. Nimemkuta kantini na Brandvold wanakula soseji na kucheka. Kucheka! Timu haijashinda hata mechi moja! Nikajibanza nyuma ya mashine ya soda. Pettway alikuwa anamwambia, "Dogo, we tafuta jezi yetu, mpe mpira. Yaishe." Hayo nayo mafundisho? Hata mama yangu angeyasema.

Nikajitokeza nikamwambia asinivurugie mwanafunzi. Akaniomba radhi, eti hakujua kama siku hizi mashine za soda zina masikio. Wakacheka tena, wote wawili. Nimeagiza makabati yao ya nguo yatenganishwe.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mazoezi ya redio. Kabla ya kila mpira kuanzishwa nina sekunde ishirini na tano tu za kusema, halafu sheria inaikata redio. Nimejizoeza kusema bila kumeza mate: mbinu, mguu, kiwiko, kidevu, upepo, tabia za mabeki wao, na neno la kumtia moyo. Nikamaliza yote! Brandvold kasimama tu. Nikamuuliza kulikoni. Akasema samahani Kocha, mbinu ilikuwa ipi?

Hana umakini. Usingizi pia hana. Mama yake kanipigia simu kutoka Nebraska analia, anasema mwanawe siku hizi hata ukimwomba akurushie funguo za gari anasita, anajitazama miguu. Nikamtuliza. Angalau anajitazama.

Jumapili, 13 Oktoba

Kipindi cha kwanza kumi na saba kwa sifuri, sifuri ikiwa yetu. Mimi nilisema vizuri mno, sina la kujilaumu. Kijana akarusha mpira mmoja kwa mpinzani, mwingine kwa mpiga tarumbeta wa bendi ya uwanjani. Mashabiki majukwaani wamejivika mifuko ya karatasi vichwani, wametoboa matundu ya macho tu, wasijulikane kuwa ni wetu. Mmoja kaandika jina langu kwenye wake. Nikampungia mkono.

Kipindi cha pili, balaa! Redio ya helmeti imekufa. Fundi akaitikisa, akaipuliza, wapi! Nikapiga kelele kutoka pembeni mpaka sauti ikakauka. Dombrowski akawa anaonyesha mbinu kwa vidole. Pettway akampiga kijana kofi la kwenye helmeti na kumwambia kitu kifupi, sikukisikia. Nikajua tumekwisha.

Basi Brandvold akarusha. Tukafunga. Akarusha tena, kidevu juu, kiwiko chini, miguu ovyo kabisa! Tukafunga. Ya tatu sikuitazama, nilifumba macho kwa aibu, nikasikia uwanja mzima umelipuka. Pointi saba mara tatu: ishirini na moja kwa kumi na saba. Mifuko inarushwa hewani, Dombrowski analia kama mtoto.

Nimekaa saa nzima nawaza. Kila kitu kakosea, na tumeshinda. Kichwa kinaniuma. Halafu nikapata jibu: maneno yangu ya tangu Aprili yalikuwa njiani. Leo ndiyo yamefika.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mwenye timu kaamuru chochote kisibadilishwe kwenye timu iliyoshinda. Kwa hiyo nabaki! Brandvold ni wangu mpaka mwisho wa msimu.

Kijana mwenyewe kaja ofisini kwangu, kashika helmeti kwa mikono miwili. Akaniomba kwa adabu kabisa redio isitengenezwe. Akasema jana, kwa mara ya kwanza tangu aondoke chuoni, alikumbuka kwamba mchezo huu anaupenda. Na mimi nikaguswa, jamani. Kijana ana shukrani! Nikamkumbatia nikampa habari njema: fundi ameshaleta redio mpya, na hii inasikika vizuri zaidi.

Akaketi chini, palepale sakafuni, machozi yakamtoka. Furaha ilimzidi. Nikawa namwangalia anavyohema, kifua juu, kifua chini, na ghafla nikaona kilichotusumbua miezi yote hii. Wala si mguu, wala si kiwiko. Huyu kijana hajui kupumua! Kesho asubuhi tunaanza na tundu la pua la kulia.