Simu Yangu Ilivyohudhuria Kongamano

Jumatatu, tarehe 3
Kongamano la watunza kumbukumbu limeanza. Bosi ametuleta wawili: mimi na Kalamu Nne, mwenzangu wa masjala anayetembea na kalamu nne mfukoni kana kwamba tatu zitafariki. Mmoja wetu atapewa kuongoza tawi jipya. Bosi kasema anataka kuona nani anajituma. Rahisi! Kila mjumbe ana programu ya kongamano kwenye simu. Ukiingia ukumbini au chumba chochote, simu inajiandikisha yenyewe, unapata pointi, na majina ya wanaoongoza yanatokea kwenye skrini ya mapokezi.

Nimehudhuria vikao vitatu. Usingizi mtupu. Nafasi ya sitini na moja. Kalamu Nne ni wa pili, na bado anaandika kwa mkono, mnafiki. Mama watoto kapiga simu, kasema nitulie nisikilize tu, tawi litakuja. Mke mzuri, ila hana mbinu.

Jumanne, tarehe 4
Nimeipata! Mama wa chai ana kigari cha magurudumu kinachoingia kila chumba, ghorofa zote mbili. Asubuhi nimeichomeka simu chini ya kitambaa, kati ya vijiko na sukari. Kigari kikaenda kusoma, mimi nikaenda bustanini kulala. Akili ni mali.

Saa kumi nimeichukua. Nafasi ya nne! Mama wa chai kanikuta nikiichomoa, akauliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia nakagua birika. Akanitazama kama anavyotazama kikombe chenye ufa.

Jumatano, tarehe 5
Wa kwanza! Simu imeshinda tena kigarini, na chaja yake. Nimepita mapokezi mara sita kulisalimia jina langu. Kalamu Nne kanipa mkono wa pongezi, kasema ajabu hajaniona ukumbini. Nimemwambia watu wazito hukaa nyuma. Kesho mshindi anaitwa jukwaani. Tawi ni langu. Nimeshachagua na rangi ya mapazia.

Alhamisi, tarehe 6
Jukwaani. Makofi. Mratibu akaonyesha kwenye skrini vyumba vyote nilivyohudhuria. Ukumbi Mkubwa. Ukumbi wa Juu. Jikoni, mara kumi na moja! Watu wakacheka, nikawapungia. Kisha: Chumba cha Faragha, jana, saa nane hadi saa tisa kasoro robo.

Bosi hakucheka. Alinivuta nyuma ya pazia. Kumbe saa ile, chumbani mle, alikuwa na Kalamu Nne wakizungumza habari za tawi, mlango umefungwa. Hakikuingia kitu ila kigari cha chai, kikaachwa humo. Akaniuliza nilikuwa wapi.

Njia zilikuwa mbili. Niseme simu ilikuwa kwenye sukari na mimi bustanini, niitwe mvivu. Au nionekane mjanja. Nikamwambia nilikuwa chini ya meza.

“Kwa hiyo ulisikia yote,” akasema.

“Neno kwa neno, Bosi. Na fitina zote alizonitilia huyu bwana nimezisikia.”

Bosi akatikisa kichwa.

“Alilikataa tawi. Mama yake anaumwa, hataki kuwa mbali naye. Akaniomba nikupe wewe, na nilikubali.”

Nikasema haraka kwamba chini ya meza sikuwepo, nilikuwa nimelala bustanini. Bosi akasema asante, sasa ana sababu mbili za kuninyima. Kule ukumbini kuna mtu alikuwa bado anapiga makofi peke yake. Nikachungulia. Kalamu Nne. Imeniuma, sikatai.

Ijumaa, tarehe 7
Tawi kapewa mtu wa stoo, ambaye hata kongamanoni hakuja. Mama watoto kasema maji yakimwagika hayazoleki, kisha akanikatia simu. Mama wa chai kanirudishia chaja yangu, imejaa sukari. Kalamu Nne kanizawadia kalamu moja, sasa amebaki na tatu. Kasema niandike makosa yangu, inasaidia.

Nimekaa, nimeandika. Kosa ni moja tu: kigari. Ukishaonekana umeingia jikoni mara kumi na moja, nani atakuheshimu? Simu inataka mtu wa kuibeba, tena mtu makini. Mwakani nitaitumbukiza kwenye mkoba wa Kalamu Nne. Yule hakosi kikao hata kimoja, na popote Bosi anapoita watu, yupo.