Otopiloti ya Mpira wa Baiskeli

Jumatatu, tarehe 3 Juni
Asmani anataka kiti changu! Moteri ya boti la Mama Hadija naishika mimi, Rumonge mpaka Nyanza-Lac na kurudi. Yeye kazi yake ni kupanga bidoni, yale madumu ya mawese, na kuchota maji yanayoingia. Mbona anapiga mluzi? Tena anakaa kule mbele, bidoni zinamficha. Nikiachia moteri nikamchungulie, boti linapotea njia. Roho inaniuma.

Jumatano, tarehe 5
Tumempakia mwalimu Beatrisi. Nikamuuliza ndege inakwendaje rubani akienda chooni. Akasema iko otopiloti, mashine inayoshika njia yenyewe, ila rubani haachi kuangalia. Hata mtu anayefanya jambo bila kufikiri, watu husema yuko kwenye otopiloti. Huyo ni Asmani mtupu! Mengine sikusikiliza sana. Hilo neno "yenyewe" lilinitosha. Murakoze, mwalimu.

Ijumaa, tarehe 7
Nimeufunga mkono wa moteri kwa mpira wa baiskeli. Boti limekwenda sawa kabisa! Nikatambaa, nikachungulia kati ya bidoni. Lo! Asmani anahamisha bidoni: kulia, kushoto, tena kulia. Mwizi! Kumuuliza, ati boti linakwenda pembeni, kaka Hamidou, analinyoosha kwa uzito. Uongo mtupu. Otopiloti ina haja gani na bidoni? Nimemkataza asiguse hata moja.

Jumamosi, tarehe 8
Hakugusa. Nilikuwa namchungulia muda wote. Boti likapanda pwani, juu ya ndagala za Mama Hadija, samaki wadogo walioanikwa mchangani. Mwenyewe amesimama pale pale! Hakunitukana. Alimwita Asmani, akamkabidhi moteri. Nimelia mbele ya wachuuzi wote. Asmani akaniambia pole. Pole ya nini, kama hana hatia?

Jumatatu, tarehe 10
Sasa wa kuchota maji ni mimi. Asmani yuko kule nyuma, bidoni zinamficha. Anafanya nini huko? Nikaweka jicho kati ya bidoni mbili. Maji yakanifika magotini. Akapiga kelele nichote, nichote! Thubutu! Alitaka nigeuke. Sikugeuka.

Shajara hii nimeianika juani, pembeni ya ndagala. Boti bado wanalivuta. Aliyenitoa majini ni Asmani, kwa kunivuta nywele. Mbona nywele? Anatafuta nini kichwani mwangu?