Wanga wa Kome

Jumatatu, 3 Oktoba 1994
Umaskini, kwaheri! Magige na wachimbaji wa duara lake, shimo la dhahabu, wanatafuta mpishi wa kudumu. Sasa wanakunywa uji wa jirani yangu Zaitun. Uji! Mimi nitawapa supu ya kome wa Mto Mara, wale wenye magamba mawili. Hapa Nyamongo hakuna anayekula kome. Ndiyo maana sina mshindani.

Jumanne, 4 Oktoba
Mwalimu Eugenia wa kemia kaniambia nyama ya kome ina wanga wa akiba, chakula cha misuli. Ukiidondoshea iodini inakuwa kahawia yenye wekundu. Nikamwomba kichupa, nikapima supu yangu. Nyeusi tii! Mwalimu akauliza nimetia nini. Nikasema kome tu. (Na unga wa muhogo, iwe nzito. Nusu sufuria.) Kama kahawia ni nguvu, nyeusi ni nguvu zaidi. Sayansi haidanganyi.

Jumatano, 5 Oktoba
Nimesimamisha kibao: HAPA KUNA WANGA. TUMEPIMA. Watu wakifika kwangu wanavuka barabara. Bibi mmoja nilimwamkia shikamoo, akatema mate na kwenda zake. Fitina za Zaitun hizi!

Alhamisi, 6 Oktoba
Magige kaja na kundi zima! Lakini supu hawaitaki. Duara halitoi dhahabu, wanaamini wanarogwa, na wamesikia nina dawa ya kuwatambua wanga, wale wa usiku. Nilitaka kuwaeleza. Sasa tenda ya chakula je? Nikasema ninayo. Mungu anisamehe.

Nikawadondoshea iodini viganjani. Mniko, tii. Mseti, tii. Magige mwenyewe, tii! Walikuwa wametoka kula ugali, hawakunawa vizuri, na ugali ni wanga mtupu. Ndipo Zaitun, mdomo kama cherehani, akashauri mpimaji naye apimwe. Nilikuwa nimeukanda ule unga asubuhi nzima. Wakanimwagia kichupa kizima, mkono ukawa masizi hadi kiwikoni. Niliacha sufuria, kibao na kiatu kimoja.

Jumamosi, 8 Oktoba
Niko Nyarero, kwa shangazi. Mwalimu Eugenia kaniletea kiatu, kacheka hadi machozi. Anasema tatizo ni neno lenyewe, lina maana mbili. Kweli kabisa! Nimejifunza. Kanidokeza pia kwamba kome wana madini mengi, mazuri kwa mifupa. Hilo ndilo neno! Halina utata. Kibao kipya nimekichomeka katikati ya shamba la shangazi: HAPA KUNA MADINI. TUMEPIMA.

Wateja hao, wanakuja mbio! Wengi mno, sufuria ya shangazi haitatosha. Ajabu moja tu: wote wamebeba sururu.