Nafasi Moja ya Kollam

Jumatatu, 6 Oktoba. Nachingwea

Mgeni kafika. Daktari Anjali, kutoka Kollam, India. Anasomea ubingwa wa magonjwa ya watoto kama mimi. Atakaa wodini kwetu wiki mbili, na mmoja wetu ataenda hospitalini kwao kwa mwezi mzima. Mmoja tu. Ama mimi, ama mwenzangu Rukaiya. Anjali ndiye atakayependekeza jina kwa mganga mfawidhi.

Rukaiya keshawahi kwenda Nairobi kwa masomo. Mimi nimekulia kijijini Nambilanje. Ndege nilikuwa naziona zikipita juu, tukizikimbiza na wenzangu mpaka kwenye mikorosho ya watu, tunafukuzwa kwa fimbo. Siku zile tamu.

Tena nimeshamwambia Bibi Zulfa kwamba nimechaguliwa. Kasomesha dua msikitini. Kijiji kizima kinajua Daktari Saadi anaenda India. Nitaficha wapi uso?

Jumatano, 8 Oktoba

Mpango wa kwanza: sifa. Nimewafundisha akina mama wa wodini maneno ya kusema mgeni akipita. Mwamina, mama wa wale mapacha waliozaliwa kabla ya siku zao, ndiye mwepesi wa kushika. Nikamweka wa kwanza.

Anjali kafika kitandani kwake. Sista Marselina, muuguzi wa wodi, anatafsiri. Mwamina akasema Daktari Saadi ana mikono myepesi, Daktari Saadi halali kwa ajili ya watoto, hapo uwatazame mapacha kwa huruma, halafu unyamaze kidogo.

Kayasema yote, pamoja na maelekezo yangu. Na Sista kayatafsiri yote bila kuruka neno.

Rukaiya muda huo kapiga magoti, anamsaidia Mwamina kumfunga pacha wa pili kifuani kwa kitenge, ngozi kwa ngozi. Anajipendekeza tu yule.

Ijumaa, 10 Oktoba

Upepo umeleta harufu ya mabibo, matunda ya mkorosho, mpaka dirishani. Chakula cha mchana kimenishinda. Nimekumbuka nilipokuwa na miaka sita, malaria imenipanda kichwani, nimelazwa hospitali ya Mnero. Bibi alikuwa akilala sakafuni kwenye mkeka, pembeni ya kitanda changu, na korosho kazifunga kwenye pembe ya kitenge. Nikimeza dawa, napewa moja. Ndipo nilipoanza kuutaka udaktari. Nilidhani madaktari wanalipwa korosho. Ningerudi pale leo hii, hata kwa sindano zake.

Basi mpango wa pili ndio huo. Jumapili nampeleka Anjali Nambilanje. Mtu wa mbali, korosho anaijua ya kwenye pakiti. Ataiona mtini, atashangaa, nitamweleza, hatanisahau.

Jumapili, 12 Oktoba. Nambilanje

Tumekuja na gari, Noah ya dereva Amri. Rukaiya kajialika. Kakaa mbele.

Bibi kanishika shavu, akamwambia mgeni kwamba huyu mume wake ni bahili, hajui mara ya mwisho alileta lini hata samaki mkavu. Nikatafsiri kuwa Bibi anajivunia kazi yangu. Rukaiya akatafsiri upya, na utani wa bibi na mjukuu akauelezea. Anjali akacheka, akamshauri Bibi atafute mume mwingine.

Nikampeleka mkoroshoni. Nikaanza, hili tunaliita bibo, na hii inayoning'inia chini yake ndiyo... Anjali akalichuma, akalifuta kiganjani, akaling'ata huku kainama mbele ili maji yasimdondokee. Kama mtoto wa hapahapa. Kumbe kwao mikorosho imejaa, na bibi yake kazeekea kiwandani akibangua korosho, vidole vyeusi mpaka anazikwa. Korosho nyingine zilikuwa zikifika kwa magunia kutoka huku kwetu. Nami nikalichuma la kwangu. Nilikuwa na shati jeupe. Ndiyo basi tena, doa la bibo halitoki.

Nikaona nafasi inaniponyoka. Nikachukua korosho mbichi, nikatangaza kwamba sisi wa Nambilanje hatuhitaji moto, nikaipasua kwa meno.

Mafuta ya ganda yanaunguza. Huku hata mtoto anayetambaa analijua hilo. Hata mimi nalijua! Wivu tu. Rukaiya akaniosha mdomo kwa maji na sabuni, Bibi akanipaka mafuta ya ufuta huku akinisema kwa Kimwera.

Nikakalishwa mkekani, midomo imenivimba. Bibi akachoma korosho kwenye debe lililotobolewa, zikawaka, akazimwagia mchanga. Moshi ulipomfikia Anjali, akalia waziwazi. Harufu ile ilimrudisha kwa bibi yake. Bibi akamfungia korosho kwenye pembe ya kitenge, vilevile alivyokuwa akinifungia mimi, akampa na kitenge chenyewe. Nikalia na mimi. Wote wakadhani ni midomo.

Ijumaa, 17 Oktoba. Nachingwea

Mganga mfawidhi katangaza. Rukaiya.

Anjali kaniaga vizuri. Kasema mapacha wa Mwamina wanaongezeka uzito, na aliyekuwa nao kila siku ndiye anayehitajika kule. Mimi nimeelewa vingine. Kaogopa kumnyang'anya Bibi mume.

Nikampigia Bibi. Nilishatunga habari ya ndege kuharibika. Kabla sijaitoa, akasema Nambilanje wanajua tangu Jumapili, nani atampeleka India mtu asiyejua kula korosho? Halafu akasema dua ile hakuisomesha ili niende. Aliomba nibaki msimu huu, maana magoti hayakunjiki tena aokote korosho, na hajui amebakiza misimu mingapi.

Nikamwambia Jumapili naja kuokota.

Jumapili, 19 Oktoba. Nambilanje

Tumeokota korosho tangu asubuhi, Bibi kakaa kwenye kigoda ananielekeza kwa fimbo. Sijawahi kufurahi hivi tangu utoto.

Mchana Sista Marselina kapiga simu. Mwakani mgeni atatoka Norwe. Norwe ni theluji tupu, mikorosho hawaijui hata kwa ndoto! Safari hii nitapasua kwa meno mbele ya mtu ambaye hajawahi kuona. Midomo nitaipaka mafuta kwanza.

Nimeshamwambia Bibi kuwa nimechaguliwa. Kasema vizuri, atasomesha dua tena, ileile.